Majembe Yaliyompeleka Somoe Chuoni

Godoro la mwanafunzi anayetoka kisiwani lifungwe nailoni mbili, na ile ya juu ikazwe kamba mdomoni, isikunjwe tu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosahaulika. Mtu anahangaikia ada miezi na miezi, anaipata, anamshukuru Mungu, anapanda boti, halafu wimbi moja la kipuuzi linamlowesha godoro kabla hajafika bara. Sponji ikishaingia maji ya chumvi haikauki moja kwa moja. Ukiianika inakudanganya, wingu likitanda inarudi unyevu yenyewe, na wewe umelala juu yake. Wanafunzi wangu wa mwanzo walilala hivyo, na hakuna aliyeniambia mpaka walipokuwa wameshahitimu. Watu wa kisiwani hawalalamiki ovyo, na jambo hilo mlikumbuke kila mnaposhughulika nao.

Mimi ni Zainabu Nanguka, bibi shamba mstaafu. Kwetu ni Newala juu, lakini kazi yangu karibu yote niliifanya huku chini pwani, kuanzia Mtwara mjini mpaka Ruvuma inapoingia baharini, na sasa nimepumzika Chuno, hapo hapo mjini. Niliajiriwa kuwafundisha wakulima mikorosho na muhogo. Kazi nyingine, ambayo haikuwa kwenye barua ya ajira, ilikuwa kuwatafuta watoto wa visiwani wanaotaka kusomea kilimo na kuwatafutia mtu wa kuwalipia. Hiyo ya pili ndiyo ninayojivunia zaidi, wala sioni haya kusema hivyo. Wapo wenzangu waliostaafu na nyumba ya kupangisha. Mimi nimestaafu na mabwana shamba na mabibi shamba waliotoka kwenye vijiji ambavyo zamani afisa kilimo alikwenda kwa kubembelezwa. Nawaandikia nyinyi mnaoomba msaada huo leo, na nyinyi vijana wa ofisini mnaougawa. Mkiniona nafoka, vumilieni. Wakulima wamenivumilia maisha yangu yote ya kazi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Lukanga, bwana shamba wa zamani, mtu mfupi, mkali, mwenye kofia ya kiua asiyoivua hata akiwa chini ya mkorosho. Siku yangu ya kwanza aliniona naingia kwenye shamba la mtu na kalamu mkononi. Akanirudisha barabarani. Akaniambia mwenye shamba akiona kalamu kabla hajaona sura yako, atakupa majibu ya kalamu. Nikaificha kalamu kwenye mkoba na sikuitoa tena mpaka mtu mwenyewe aseme andika. Mpaka leo nikiwaona vijana wanateremka kwenye pikipiki na simu iko mkononi, wanapiga picha mikorosho hata salamu hawajamaliza, mkono unaniwasha.

Mzee Lukanga ndiye pia aliyenisomesha upepo. Salfa ya unga, ile tunayopulizia mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, hupuliziwa alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande. Bara una muda wa kutosha. Kisiwani upepo unaamka mapema kuliko bibi shamba. Mara ya kwanza kuonyesha upuliziaji kisiwani nilichelewa kwa sababu nilisubiri watu wajae, na nilipowasha mashine unga wote ukaondoka kwenye mikorosho yangu, ukavuka ua, ukatua kwenye sufuria za harusi ya jirani. Pilau ikawa njano, na haikuwa zafarani. Nilikimbizwa na miko ya wapishi mpaka ufukweni. Mzee Lukanga alicheka hadi akakaa chini, halafu akaniuliza swali moja tu: ulipofika jana, uliuliza nani ana shughuli leo?

Swali hilo ndilo nililolibeba kwenye mambo ya misaada ya masomo. Kabla hujapeleka kitu kizuri kwa watu, uliza kwanza kuna nini pale nyumbani. Wakati, kwa mfano. Vyuo vya kilimo hufungua mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inaanza kudondosha, na mnada bado. Pesa ya Kusini ina msimu, jamani. Baba atakayekuwa na uwezo wa kununua viatu vya mpira na koti la maabara mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa tisa hana hata nauli ya boti. Kwa hiyo mtoto anapata ufadhili wa ada na bado anashindwa kuripoti, na ofisini tunaandika kwamba watoto wa visiwani hawana mwamko. Hasira niliyokuwa naipata nikisikia neno hilo, mwamko, ilikuwa inanipandisha presha. Nilipigana mpaka pesa ya kujikimu ikawa inatoka kabla chuo hakijafungua, na nilipoipata ruhusa hiyo nilinunua soda kreti nzima nikawanywesha ofisi, wabishi na wasio wabishi.

Siku hizi maombi ni ya mtandao. Mmefaidi, na mmeteseka kwa namna yenu. Kisiwani nitakakowasimulia mtandao ulikuwa unapatikana sehemu moja tu, nyuma ya goli la upande wa kusini wa uwanja wa mpira. Nimewaona watoto wanatuma maombi ya chuo huku mpira unawapita masikioni, na kipa anasaidia kushika simu juu. Aliyeingia chuoni kupitia goli lile ninamheshimu kuliko aliyeomba akiwa kwenye kochi.

Sasa Somoe. Kisiwa chake kiko karibu na lango la Ruvuma, ukishapita Madimba penye mitambo ya gesi na kuvuka maji kutokea upande wa Msimbati. Sitakitaja jina, kwa sababu mjomba wake yu hai na husomewa kila kinachoandikwa. Somoe Salum alikuwa binti wa kidato cha nne, mwembamba, mwenye maneno machache na maswali mengi. Nilipokuwa nafundisha kubebesha miche ya mikorosho, kuunga chipukizi la mti mmoja kwenye mche mwingine, watu wazima walikuwa wanatazama mikono yangu. Yeye alitazama kisu. Akaniuliza kwa nini nakifuta kila baada ya mche. Nikamwambia ugonjwa hupanda kwenye kisu. Baada ya hapo nikamwona anafuta kisu cha mama yake cha kukatia muhogo, na nikasema moyoni, huyu ni wetu.

Alifaulu, akachaguliwa chuo cha kilimo. Ulikuwepo mfuko mmoja wa kuwalipia wanafunzi wa kilimo wa vijiji vya visiwani na mwambao, na mimi na binti mmoja wa ustawi wa jamii, Neema, tulikuwa tunaushughulikia kwa upande wetu. Neema kwao Singida, Mkristo, mchapakazi, hajawahi kuogopa boti ingawa kuogelea hajui. Alikwenda kisiwani mimi nikiwa kwenye mafunzo, akazungumza na baba yake Somoe, na Salum akakubali kila kitu. Neema akarudi anafurahi. Kilichobaki, akaniambia, ni mkutano wa kijiji tu, mwenyekiti ataje jina la Somoe kwenye orodha ya kaya zisizojiweza, wananchi wanyooshe mikono, basi.

Nikamuuliza kama amemwona mjomba. Akaniuliza mjomba wa nini.

Nyinyi mliozaliwa huku mmeshaelewa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anapendwa, anaheshimiwa, analeta samaki, lakini neno la mwisho juu ya mtoto liko kwa kaka wa mama. Salum hakumdanganya Neema. Mgeni amekuja na heri, utamwambiaje hapana? Alikubali kwa adabu, akijua kwamba mwenye kukubali hajaulizwa. Na kweli, siku ya mkutano mwenyekiti alipolifikia jina la Somoe, Mzee Chande, mjomba wake, alisimama akasema jina hilo lifutwe, mtoto huyo si wa kaya isiyojiweza. Akaketi. Mkutano ukaendelea na habari za choo cha shule.

Mfuko ulikuwa na taratibu zake. Kama kijiji hakijathibitisha kabla mwezi haujaisha, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mwingine alikuwepo. Somoe alinipigia simu akiwa nyuma ya goli. Hakulia. Alisema tu, "Bibi, njomba hataki, na mie siwezi kwenda kinyume na njomba. Lakini chuo nakitaka." Nilivuka kesho yake na Neema.

Mzee Chande alitupokea vizuri. Tukapewa mikeka, tukapewa madafu. Sikutoa kalamu. Tuliongea mvua, tukaongea bei ya korosho, tukaongea wagonjwa na marehemu, na Neema, namsifu kwa hili, alinyamaza kimya ingawa mguu ulikuwa unamchezacheza. Mwishowe mzee akasema mwenyewe. Akatuuliza kama tunamfahamu babu mmoja aliyekuwa anakaa karibu na msikiti. Miaka ya nyuma kulikuja chakula cha msaada, majina yakatajwa mkutanoni, na la babu huyo likawa la kwanza. Chakula kililiwa kikaisha. Jina halikuisha. Watoto walimwita Kaya Maskini mpaka anaingia kaburini, na wajukuu wake, wenye nyumba za bati, bado wanaitwa hivyo kwenye ngoma na kwenye mpira.

"Mie sikatai asome," akasema. "Nakataa mtoto wa dada yangu atolewe kijijini na jina lile. Ataolewa vipi? Na mie nna mikorosho, Bibi Shamba. Wewe unaijua."

Nilikuwa naijua. Ndiyo maana nilimuuliza kama ameshafagia chini yake. Mkulima wa korosho lazima afyeke na kufagia kabla mabibo hayajaanza kuanguka, la sivyo korosho zinapotelea majanini na nusu ya mavuno inaliwa na panya. Mzee akatazama pembeni. Akasema bado. Mgongo. Nikamuuliza mbona hajaalika watu.

Hapa niwaeleze wale wasiolijua jambo hili. Kisiwani mtu akizidiwa na kazi ya shamba, huwaalika wenzake. Anapika, watu wanakuja na majembe, wanalima mpaka jua kali, wanakula, wanaondoka. Chakula kile kinafunga pande zote: mwenye shamba na watu wake wana deni la kazi siku wengine wakialika, na kwa waliokula jambo la nyumba ile huwa lao pia. Wanaalika matajiri na wasio na kitu, hata imamu anaalika. Hakuna aliyewahi kuitwa maskini kwa sababu kaalika watu kulima.

 Mzee Chande akaniambia kwa sauti ya chini, ili Neema asisikie, kwamba kualika ni kupika, na mwezi ule nyumbani kwake hakukuwa na kitoweo cha kuwapikia watu. Mtu ambaye mkutanoni alikataa kusaidiwa alikuwa amekaa anaangalia shamba lake likimezwa na majani kwa sababu hana kitoweo cha kuwakirimu watakaomsaidia. Niliona huruma, na nikamheshimu pia. Wengine wangesema ni kiburi. Waseme.

Tulikuwa tumekaa hivyo Salum akatokea, baba yake Somoe, ametoka baharini, wavu uko begani. Alikuja kwa nyuma ya mzee, akasikia mwisho wa maneno. Akasalimia, akachuchumaa mbali kidogo kama mkwe anavyotakiwa, akasema, "Shemeji, wewe alika. Samaki ni juu yangu." Mzee Chande akamwita dada yake, akamuuliza muhogo umebaki kiasi gani. Dada akasema upo wa kutosha kutwanga. Nikajua kumekucha.

Lakini bado kulikuwa na mfuko na taratibu zake, na hapa mwenye sifa ni Neema. Njiani kurudi, ndani ya boti, aliniuliza kama siku ya kualikana watu wengi hufika. Nikamwambia hufika kijiji kizima, ukiondoa wagonjwa na wavivu, na wavivu huja wakati wa kula. Akasema basi huo ni mkutano. Maelekezo yanataka wakazi wakutane, mwenyekiti awepo, wakubaliane juu ya mwanafunzi. Hayasemi wakutane wapi. Na hayasemi mtu atajwe kuwa hajiwezi. Neno hilo tumeliongeza wenyewe kwa mazoea. Nilimtazama binti wa Singida, ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili, maji yanamrukia usoni, nikatamani ningekuwa na mtoto wa kiume wa kumwozesha.

Siku ilipofika nilifunga kanga kiunoni, nikachukua jembe. Neema alichukua jembe pia, akalishika vibaya, akacheka na waliomcheka. Watu walianza kufyeka asubuhi upande wa baharini, wanawake wakafuata wanafagia, vijana wakakata matawi makavu. Mimi nilisimamia kupogolea, na mzee mmoja akanishambulia kwamba naondoa matawi yenye faida, tukabishana chini ya kila mkorosho mpaka wa mwisho. Mzee Chande alipita katikati ya watu na ndoo ya maji, anawapa wafanyakazi wake kinywaji, mgongo umenyooka kuliko nilivyowahi kumwona. Jua lilipokuwa kali shamba lilikuwa jeupe chini, ungeweza kuokota punje ya mchele.

Tukala ugali wa muhogo na changu wa nazi. Salum alikuwa amevua kweli. Nasikia alikaa majini tangu juzi yake. Tulipomaliza kunawa, mwenyekiti wa kijiji alisimama. Tulikuwa tumeshaongea naye, lakini swali alilouliza alilitunga mwenyewe, na mimi nalihesabu kuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwenye kikao chochote cha msaada. Alisema, "Mzee Chande ametualika, tumekuja, tumekula. Anataka mtoto wake Somoe aende chuo cha kilimo, na kuna mfuko uko tayari kumlipia. Nani hapa anaona Somoe asiende?"

Kuku walikuwa wanadonoa makombo. Hakunyanyuka hata mkono mmoja, na mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha masufuria akauliza ataondoka lini ili amtwangie unga. Mzee Chande alikuwa ameshika ile ndoo tupu. Akanigeukia. "Andika sasa, Bibi Shamba," akasema. Nikaitoa kalamu.

Ofisini walitusumbua kidogo. Mkubwa mmoja alitaka kujua kwa nini mkutano umefanyika shambani na mahudhurio yana alama za udongo. Neema alimjibu kwamba ni kijiji cha wakulima, na kwamba mfuko ni wa kilimo. Alimjibu kwa heshima kabisa, ameketi, mikono juu ya meza. Karatasi ikapita. Somoe akaondoka, na korosho za mjomba wake mwaka ule, zikiokotwa chini kusafi, zikamnunulia viatu vya mpira na koti.

Toka hapo visiwa vyote vya upande ule vinathibitisha wanafunzi wao namna hiyo, na siku hizi nasikia hata vijiji vya bara karibu na Mnazi Bay vimeiga. Wanafunzi wakirudi likizo hushika majembe kwenye mashamba ya wale waliowalimia. Hawaambiwi. Nyinyi vijana wa ofisini, mkiona utaratibu unaleta aibu, usomeni tena utaratibu wenyewe kabla ya kuwalaumu watu. Mara nyingi aibu imeongezwa na sisi. Na nyinyi mnaoomba, msione vibaya kusaidiwa. Mtu hulimiwa leo akalima kesho.

Nilialikwa mahafali ya Somoe. Chuo kilikuwa kimefunga maturubai uwanjani, wahitimu wamevaa majoho, spika zinapiga kelele. Mshereheshaji alikuwa na utaratibu wake mzuri: akiita mhitimu, anamtaka mzazi au mlezi wake asimame apigiwe makofi. Wazazi walisimama mmoja mmoja, wenye suti, wenye vitenge vipya. Watu wa kisiwani walikuwa wamekodi gari, wamejaza viti vya nyuma kabisa, kimya, kanzu zimenyooshwa.

Somoe Salum akaitwa. Akapanda jukwaani. Salum aliinuka nusu, akamtazama shemeji yake, na Mzee Chande akamshika mkono akamwinua, wote wawili wakasimama. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akatania kwamba mzazi mmoja anatosha, muda ni mchache. Mzee Chande akageuka nyuma kwenye vile viti.

"Inukeni," akasema. "Au mlikula bure siku ile?"

Wakainuka. Mwenyekiti, imamu, kipa wa upande wa kusini, mzee aliyenibishia matawi, mwanamke wa masufuria na mtoto mgongoni. Safu ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Mshereheshaji aliishusha maikrofoni. Somoe, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa joho.

Mimi na Neema tulikuwa tumepewa viti vya mbele pamoja na wageni waalikwa. Tulitazamana, tukasimama na sisi, kwa sababu na sisi tulikula.